Moto Wenye Pua Yake

Dereva mzoefu anayepakia bandarini Dar es Salaam mwezi wa Julai hubeba koti zito, na utingo mgeni humcheka. Kicheko hicho hakivuki Mafinga. Makambako usiku upepo hupenya kwenye mpira wa mlango, na Uyole, ambako reli ya TAZARA inafikia kilele chake cha karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari, pumzi hutoka na mvuke. Kutoka Mbeya barabara inashuka Mto Songwe, inapanda tena nyanda za Mbozi, inapita Mlowo na Vwawa kwenye mashamba ya kahawa, halafu Tunduma. Ng'ambo kidogo tu ya mpaka, Mwenzo, reli hiyohiyo inafika mita 1,660, ambacho ndicho kilele chake upande wa Zambia. Anayedhani mpakani kuna joto kwa kuwa ikweta haiko mbali hajawahi kulala Tunduma.

Na kulala Tunduma ni sehemu ya kazi. Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani cha Tunduma na Nakonde, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Ahueni ilipatikana, lakini mizigo ya Zambia na Kongo nayo haikuacha kuongezeka, na foleni ya malori bado hurudi nyuma kuelekea Chapwa na Mpemba. Dereva hawezi kuliacha lori akalale gesti. Turubai litakatwa, dizeli itanyonywa, na foleni ikisogea saa tisa usiku asipokuwepo atapitwa. Kwa hiyo analala kitandani nyuma ya kiti, nje nyuzijoto chini ya 10, na anatafuta joto kwa namna anayoijua.

Namna ya kwanza ni kuiacha injini ikinguruma ili hita ya kawaida, ile inayotumia maji ya moto ya rejeta, iendelee kupuliza. Inafanya kazi vizuri, ila injini ya lori iliyosimama hunywa lita mbili hadi tatu kwa saa. Usiku wa saa nane ni lita 16 mpaka 24, na tajiri anayehesabu dizeli kwa simu kutoka mjini ataziona. Namna ya pili ni jiko la mkaa ndani ya kebini. Hii haina mjadala. Habari za watu waliokutwa wamekufa asubuhi baada ya kulala na jiko la mkaa husikika nyanda za juu kusini kila msimu wa baridi, na kebini ni ndogo kuliko chumba chochote.

Ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ina sura ya usalama: mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na neno "safi" limeingia vichwani. Nje ya lori, chini ya trela, mtungi huo unapika ugali bila moshi, na ni maendeleo ya kweli. Ndani ya kebini iliyofungwa vioo, usafi wake unakwisha. Kilo moja ya gesi ili iungue vizuri inahitaji karibu mita 12 za ujazo za hewa, na kebini yenye kitanda haifiki hata 10. Hewa ikianza kupungua moto hauzimiki papo hapo. Unaungua nusunusu, na hapo ndipo inapozaliwa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Ikifika sehemu 200 kwa milioni ya hewa, kichwa kinauma baada ya saa mbili au tatu. Ikifika 1,600, saa moja au mbili zinaweza kuua. Aliyelala hasikii hatua zilizo katikati.

Kuna dalili ambayo dereva wa jiko la gesi anaijua bila kuielewa: asubuhi vioo vinatiririka maji na blanketi lina unyevu. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa takriban kilo 1.6 za maji kama mvuke. Maji hayo ni ushahidi kwamba kila kilichotoka kwenye moto kilibaki ndani pamoja naye.

Hita halisi ya gari iliyoegeshwa imebuniwa kulizuia hilo. Ni moto wenye pua yake: unavuta hewa yake kutoka chini ya gari, unatoa pumzi yake chini au juu ya paa, na hauigusi kabisa hewa ya dereva. Kati ya hewa hizo mbili kuna ganda la chuma, mara nyingi aluminiamu yenye mapezi kama rejeta. Moto unalipasha ganda kwa ndani, feni inapuliza hewa ya kebini kwa nje, na joto ndilo pekee linalovuka. Kusafisha, kukaza, kupima na kurekebisha hita ni kulinda mpaka huo. Fundi anayeifanya hita iwake kwa nguvu lakini akaacha ganda lenye ufa au mpira uliochakaa kati ya hita na sakafu hajatengeneza kitu. Ni afadhali angeiacha imekufa.

Katika barabara hii zinapita hita za aina mbili. Iliyozoeleka ni ya dizeli. Scania, Volvo, DAF na Mercedes-Benz zilizotumika Uingereza, ambako usukani uko kulia kama kwetu, mara nyingi huja na hita ya usiku chini ya kitanda au nyuma ya ngazi, Eberspächer au Webasto. Kampuni hizo mbili zote zilianzia mji mmoja wa Ujerumani, Esslingen, ya kwanza mwaka 1865 na ya pili 1901. Madereva wengi hununua lori hawajui kile kisanduku ni cha nini. Ya pili, nadra zaidi, ni ya gesi ya mtungi. Huja ndani ya magari-nyumba ya wasafiri wanaopandisha kutoka Cape Town kwenda Nairobi na kuvukia Nakonde. Nyingi ni za Truma, kampuni ya Ujerumani ya karibu na Munich iliyoanza na hita za namna hii mwaka 1961. Gesi hii si ile gesi asilia ya Songo Songo inayojazwa kwenye bajaji na teksi za Dar es Salaam. Ile ni methani, nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapaa. Ya mtungi ni propani na butani, nzito kuliko hewa, ikivuja inajikusanya sakafuni, chini ya godoro, ndani ya sanduku la spana, na kusubiri cheche.

Tuanze na ya gesi, kwa sababu makosa yake yanafundisha zaidi. Kosa la kwanza hufanyika dukani, kabla fundi hajaguswa bega. Mtungi wa Ulaya umekwisha, na regulata yake haikai kwenye mtungi wa Oryx wala wa Taifa Gas. Msafiri ananunua mtungi wa hapa na regulata ya hapa. Kwenye rafu kuna za aina mbili zinazofanana kwa mbali: ya nyumbani, yenye msukumo mdogo usiobadilika, na ile yenye kitasa cha kuzungusha, wanayotumia mama lishe na wachoma chipsi kwa majiko makubwa. Hita nyingi za magari-nyumba zinataka milibari 30. Za zamani za Kijerumani zinataka 50. Regulata ya kitasa inaweza kutoa bari moja nzima, yaani milibari 1,000. Kuifunga kwenye hita ni kuomba moto utoke mahali ambapo haukupangiwa.

Msukumo huo hauhitaji mita ya gharama kuupima. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukunje kama herufi U, tia maji yafike nusu, unganisha mguu mmoja na tundu la kupimia karibu na hita, washa. Tofauti ya kimo cha maji kati ya miguu miwili ikiwa sentimita 30 na kidogo, hiyo ni milibari 30. Ikiwa 51, ni milibari 50. Pima hita ikiwa inawaka, siyo imezimwa, kwa sababu regulata iliyochoka huonyesha namba nzuri ikiwa haifanyi kazi, kisha ikaanguka gesi inapoanza kwenda. Sijaona kifaa kingine cha gereji kilicho rahisi namna hii na kinachosema kweli namna hii, na bado hakitumiki.

Kabla ya kufungua chochote, funga mtungi na uache gesi iliyobaki iishe kwenye bomba. Maungio yote yapakwe povu la sabuni, siyo kiberiti, hata kama fundi amefanya hivyo miaka yote na nyusi zake zipo. Mpira wa gesi una tarehe ya kutengenezwa juu yake. Ukiukunja ukaona nyufa, hauna mjadala. Halafu nozeli, tundu dogo la shaba ambamo gesi inatokea. Tundu hilo ni la sehemu tu ya milimita, na kuna jambo moja ambalo kila fundi mwenye haraka hulifanya: kulichokoa kwa waya. Waya unapanua tundu, gesi inazidi hewa, moto unageuka wa njano, na kuanzia siku hiyo hita itazaa masizi hata uifanyie nini. Loweka nozeli kwenye spiriti, pulizia upepo wa kompresa kutoka nyuma. Isipozibuka, nunua nyingine yenye namba ileile.

Njia za hewa zina maadui wao wa hapa. Nyigu wa udongo hujenga kwenye bomba lolote lisilotumika kwa wiki chache, na buibui hupenda mrija wa kichomeo. Bomba la kutolea moshi lazima lipande moja kwa moja bila bonde, maana maji ya mvuke yakituama bondeni yanaziba njia na moshi unatafuta njia nyingine. Vumbi la hapa wakati wa kiangazi likiingia, moto hutoa mimuliko ya rangi ya chungwa inayopita. Hiyo si hatari. Hatari ni ncha za njano zinazokaa, na alama nyeusi juu ya ganda.

Kifaa cha mwisho cha kukagua ni themokapo, kijiti kinachokaa ndani ya moto. Kikiwa cha moto huzalisha umeme kidogo unaoshikilia vali ya gesi wazi. Moto ukizimika kinapoa na vali inajifunga. Hita inayowaka ukishikilia kitufe na kuzimika ukikiachia, aghalabu ni kijiti hiki kimechafuka, kimelegea au kimesogea nje ya moto. Kisafishe kwa msasa laini, kirudishe mahali pake. Kukifunga kitufe kwa mpira wa baiskeli ili kisirudi, jambo linalofanyika kwa majiko ya mitungi, ni kuondoa kitu pekee kinachofunga gesi wakati umelala.

Sasa mwinuko, na hapa Tunduma si kama Dar es Salaam hata ukitumia regulata bora kabisa. Kwenye mita 1,600 na ushei msukumo wa hewa ni mdogo kwa karibu asilimia 17 kuliko pwani. Regulata inaendelea kutoa milibari zake 30 juu ya hewa iliyopo, gesi inatoka karibu kama kawaida, lakini hewa inayovutwa kuungana nayo ina oksijeni pungufu. Moto uliokuwa wa bluu Bagamoyo unakuwa na ncha za njano Vwawa. Mwenye gari anaona pia kwamba joto limepungua, naye hufanya lile ambalo akili inamwambia, kuongeza gesi. Ni kinyume kabisa. Kanuni inayotumika sana Marekani kwa vifaa vya gesi ni kupunguza nguvu ya kifaa asilimia 4 kwa kila futi 1,000 za mwinuko, yaani kila mita 305. Kwa Tunduma hiyo ni kama asilimia 21, na inafanywa kwa nozeli ndogo zaidi. Unapoteza joto kidogo, unapata moto safi. Kama kichomeo kina pazia la hewa linalosogezwa, lifungue taratibu mpaka njano iishe, na usimame kabla moto haujaanza kuruka kutoka kwenye kichwa chake.

Kuna lawama moja isiyo ya hita kabisa. Saa kumi alfajiri moto unadhoofika, mwenyewe anaamka na kuifungua hita tena. Butani huacha kugeuka mvuke inapokaribia nyuzi sifuri, na mtungi unaotoa gesi usiku kucha unajipoza wenyewe kuliko hewa ya nje. Mtungi mdogo wenye butani nyingi na gesi iliyobaki kidogo utachoka mapema. Dawa ni mtungi mkubwa zaidi au uliojaa zaidi. Kuupasha mtungi kwa makaa nimesikia watu wakilitaja kama utani, na ningependa libaki utani. Kwa hesabu, hita ya kilowati 2 inayowaka bila kupumzika hula karibu gramu 150 kwa saa, hivyo kilo 6 ni kama usiku wa siku tano.

Ya dizeli inawahusu watu wengi zaidi, ila inaeleweka haraka ukishaijua ya gesi. Pampu ndogo inadunda, tik, tik, ikipeleka tone kwa tone. Plagi ya kuwashia inawaka nyekundu, feni moja inaleta hewa ya kulisha moto na nyingine hewa ya kebini. Hita ya kilowati 2 hunywa kati ya lita 0.1 na 0.3 kwa saa, yaani usiku mzima kwa lita moja au mbili. Linganisha na zile 20 za injini, na utaona kwa nini ningemshauri tajiri alipie matengenezo yake kabla ya kulipia redio.

Moshi mweupe mzito wakati wa kuwaka na kisha kuzimika maana yake dizeli inafika lakini haishiki moto: plagi imechoka, au wavu mdogo unaoizunguka umezibwa na kaboni. Wavu huo haukwanguliwi, hubadilishwa. Moshi mweusi unamaanisha dizeli imezidi hewa: bomba la hewa limeziba, ekzosi imejaa masizi, au mwinuko. Maelekezo ya Eberspächer kwa hita nyingi za namna hii yanaruhusu matumizi bila masharti mpaka mita 1,500. Kutoka hapo mpaka 3,000 ni kwa muda mfupi tu, kama kuvuka mlima au kupumzika, na anayekaa zaidi anatakiwa kufungiwa kifaa cha mwinuko kinachopunguza dizeli. Foleni ya siku mbili mpakani si kuvuka mlima. Hita inayokaa Tunduma na Nakonde bila kifaa hicho itaziba masizi kabla ya wakati wake, na fundi atailaumu dizeli ya kituo fulani.

Kurekebisha kwa sikio na rangi ya moshi, kama tunavyorekebisha injini kuukuu, hakufai hapa. Hita iliyo sawa hutoa moshi wenye kaboni dayoksaidi ya karibu asilimia 10, na hilo linasomwa kwa mita inayoingizwa kwenye ekzosi. Mafundi wa Tunduma hawakosi ustadi, kuna wanaofumua gia boksi ya Scania chini ya mwembe na ikarudi kimya. Wanachokosa ni mita hiyo. Gereji moja ikiinunua, malori yatajipanga.

Tabia mbili za dereva huua hita hizi kuliko ubovu. Ya kwanza ni kuikata kwa swichi kuu ya betri. Ukiizima hita inaendelea kupuliza dakika tatu hadi nne ili ijipoze na kutoa moshi uliobaki. Ukikata umeme ghafla, joto linakwama ndani, plastiki inapinda, mafuta yaliyobaki yanageuka kaboni. Ya pili ni kutoiwasha kabisa kuanzia Septemba mpaka Mei. Watengenezaji wanataka iwashwe angalau dakika 10 kila mwezi, hata Dar es Salaam kwenye joto, ili dizeli isigande ndani ya pampu.

Baada ya kazi, kabla ya kumkabidhi mtu gari, funga milango na vioo, washa hita kwa nguvu zote kwa nusu saa, na uweke ndani kengele ya kaboni monoksaidi. Iwekwe usawa wa kichwa cha anayelala, kwani gesi hiyo ina uzito unaokaribia wa hewa na haikai sakafuni kama gesi ya mtungi. Kagua ekzosi haielekei upande wa tundu la hewa la kebini, na mpira kati ya hita na sakafu umekaa kote. Kisha andika kwenye karatasi ya gundi, ubandike juu ya ganda: tarehe, nozeli au kifaa kilichofungwa, na kwamba imerekebishwa kwa mwinuko wa Tunduma. Bila karatasi hiyo fundi wa pwani atairudisha ilivyokuwa.

Madereva wa matenki wana sharti lao la ziada. Hita ya kawaida ina moto ndani yake na ekzosi yenye joto la mamia ya nyuzi, kwa hiyo lori la petroli linahitaji toleo maalumu la hita lililotengenezwa kwa magari ya mafuta. Hata hilo halitakiwi kuwaka mahali pa kupakia au kupakua. Na kwa kuwa feni na joto vinaendelea dakika kadhaa baada ya kuzima, swichi izimwe barabarani, mapema, kabla lori halijakata kona kuingia lango la depo.